Betri ya Mjomba na Twiga wa Bibi

Mtaani kwetu Kilosa, betri ya pikapu ya mjomba ilikuwa na ratiba ngumu kuliko mjomba mwenyewe. Kukiwa na harusi na umeme umekatika, betri inachukuliwa. Kukiwa na msiba na watu wanataka taa uani, betri inachukuliwa. Siku ya mpira mkubwa vijana wanafika wawili, mmoja na spana, mwingine na ndoo ya kubebea, na kabla mjomba hajamaliza kuitikia shikamoo zao boneti iko juu tayari. Mjomba hakuwahi kumnyima mtu. Alikuwa anasema, "Gari limelala, sasa betri ikae macho kwa kazi gani?" Asubuhi inarudishwa, inafungwa, na pikapu inaenda zake Kilangali kubeba mpunga kana kwamba usiku haikucheza singeli.

Mimi hiyo pikapu nilikuwa naipenda kwa sababu zangu. Shule niliishia kidato cha pili, naendesha bodaboda pale karibu na soko, lakini kichwani mwangu nilikuwa naendesha gari refu la watalii, lile la paa la kufunguka, nimevaa kofia pana, nawaonyesha watu simba. Leseni ya gari nilishaipata. Simba ndio walikuwa bado. Kwa hiyo mjomba akinipa funguo, hata kama ni kufuata magunia mawili tu, nilifuta vioo, nikarekebisha kiti, nikaaga kama naondoka wiki nzima.

Sasa nije kwa Bibi. Bibi ndiye mama yao mama na mjomba, na mimi ni mume wake, kama mnavyojua bibi na wajukuu zao. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza alishindwa kuchambua mchele, akasema mchele wa siku hizi ni mdogo. Halafu akamsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto amekaa. Pale tulicheka wote, na yeye akacheka, lakini jioni nilimkuta amekaa peke yake anafumba jicho moja, anafumbua, anafumba la pili, anapima. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, unaona tena. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kilosa Jumatatu, na mama akamwandikisha.

Bibi akakataa.

"Wanitoboe jicho? Wakikosea je?"

"Hawakosei, Bibi. Ndo kazi yao."

"Hata mama yako alisema hatakosea kukulea. Si huyu hapa umekaa."

Tulibembeleza, mama akalia, mjomba akapandisha sauti akaishusha mwenyewe. Mwisho Bibi akatoa sharti. Kabla hawajamgusa, anataka amwone twiga. Jicho likiharibika, basi liharibike limeshaona. Nikamuuliza kwa nini twiga, maana mimi ningechagua simba.

"Tembo namjua, amekula mahindi yangu. Nyani namjua, mwizi wa mchana kweupe. Ngiri namjua, kafukua mihogo mpaka uani. Twiga peke yake hajanilia kitu. Nataka nimwone mnyama mwenye adabu."

Na nyumbani kwetu kila mtu anajua, Bibi akisema jambo, limesemwa. Bila twiga hakuna Jumatatu. Na bila Jumatatu ule ukungu ungeendelea, halafu siku moja ungekuwa giza. Mama akanivuta pembeni akaniambia, "Wewe ndiye mume wake. Mtafutie huyo twiga."

Mwenzenu nilishindwa kulala kwa furaha. Kiingilio cha mbugani kilituzidi, lakini pale Mikumi barabara kuu ya kwenda Morogoro inapita katikati ya hifadhi, na wanyama hawajui nani kalipa na nani hajalipa. Nikapanga Jumamosi asubuhi tutoke Kilosa, tushuke mpaka Mikumi, tukunje kushoto, tuendeshe polepole madirisha wazi. Safari yangu ya kwanza ya utalii, na mtalii ni mke wangu!

Ijumaa jioni betri ikaenda harusini.

Ilirudi alfajiri inanukia pilau. Mjomba akaifunga mwenyewe kwa tochi ya simu, akakigonga kichwa cha betri kwa spana mara mbili, akasema, "Tayari, baba, nenda." Bibi alikuwa ameshakaa mbele, khanga mpya mbili, soksi, kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha mapajani. Nikazungusha ufunguo.

Tk.

Nikazungusha tena. Tk. Taa za kwenye dashibodi zikafifia kama mtu anayesinzia.

"Ndo imeshafika?" Bibi akauliza.

Watu waliokuwa wanatoka msikitini wakasimama, na kila mmoja alikuwa na maoni. "Betri imekwisha hiyo, imeliwa na muziki." "Jana walipiga mpaka usiku mkubwa, hata mimi nilisikia." "Itie maji." Lakini mikono nayo walileta, Mungu awabariki. Wakasukuma, nikaachia klachi, pikapu ikakohoa, ikawaka, tukaondoka na vigelegele nyuma yetu kama tunapeleka bibi harusi.

Nilijipa moyo hivi. Gari likishawaka, kuna altaneta, kile chombo kinachozungushwa na injini kwa mkanda, kazi yake ni kuijaza betri umeme wakati unatembea. Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilikuwa imezima, maana yake altaneta inafanya kazi. Basi, nikasema, tukifika Mikumi betri itakuwa imeshiba. Nikaanza na kuimba. Bibi akaimba na yeye, wimbo mwingine kabisa. Tukapita kijiji cha Ulaya, Bibi akasema akirudi atawatambia wenzake kwamba amefika Ulaya na hakupanda ndege. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno, na mimi nilikuwa naona raha tu.

Mbele kidogo barabara ikajaa ng'ombe.

Walikuwa wengi, wa wafugaji wale waliohamia kwetu miaka ya karibuni, na hawakuwa na haraka yoyote. Nikakanyaga breki, nikapumbazwa na ndama mmoja aliyekuja kuchungulia dirishani, nikasahau klachi. Gari likaruka kidogo, likazima.

Tk.

"Nilijua," Bibi akasema. "Ng'ombe."

Lazima niwaeleze kwamba Bibi na ng'ombe za wafugaji wana kesi yao. Msimu mmoja ziliingia shambani kwake na hazikubakiza hata bua. Kwa hiyo wale vijana wawili wenye fimbo waliposogea wakicheka, wakasema, "Shikamoo Bibi, shuka tusukume," yeye alikaa kama mlima.

"Marahaba. Sishuki. Mahindi yangu mlikula nimekaa, na leo mtanisukuma nimekaa."

Wakacheka zaidi, wakasukuma. Lakini pale palikuwa na mchanga, gari halikushika kasi, na hata lingeshika, lisingenitosha. Nilikuwa nimewaza kitu. Tunakwenda mbugani, mahali ambapo hushuki garini. Likizima kule, nani atasukuma? Simba? Ama nigeuze kurudi Kilosa, na Bibi aseme nilimwahidi na sikutimiza, na Jumatatu ife hapo hapo. Ama nijue hili gari linaumwa nini.

"Kuna mama wa sola pale mbele," kijana mmoja akaniambia. "Ana kipimo cha umeme. Mpelekee."

Wakatusukuma mpaka kwenye kibanda chake, wakakimbilia ng'ombe zao. Kilikuwa kibanda cha mabanzi, juu paneli mbili za sola, ndani simu zimening'inia ukutani zinachajiwa. Mwenyewe alikuwa mama mnene aliyeanza kucheka kabla hatujasimama. Akaja moja kwa moja upande wa Bibi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alikuwa anaangalia mbele. Lafudhi alishaisikia. "Na wewe ni wa hao wenye ng'ombe?"

"Kaka zangu ndio wenye ng'ombe, mama. Mimi nafuga jua."

Nikaona mdomo wa Bibi unatafuta kununa na haupati.

Nikampigia mjomba. Akasikiliza, akatoa dawa yake ileile ambayo mafundi wengi wa barabarani wanaijua: "Waambie wakusukume mpaka liwake. Likiwa linaunguruma, chomoa waya mmoja wa betri. Likizima, altaneta imekufa. Lisipozima, betri ndo imekufa. Kazi rahisi." Simu nilikuwa nimeweka spika. Yule mama akanitikisia kidole.

"Mwambie mjomba asirudie. Kaka yangu alichomoa hivyo kwenye gari la watu, umeme ukaruka, ikaungua altaneta na redio. Usivunje mtungi kuangalia kama una maji. Pima."

Akaingia ndani akatoka na mita, kidude cha njano cha kutosha kiganjani, waya mwekundu na waya mweusi. Alikuwa anakitumia kupimia betri zake za sola. Nikafungua boneti.

"Tuanze kumuuliza mgonjwa mwenyewe," akasema.

Juu ya betri zinasimama nguzo mbili fupi za risasi, moja ya chanya na moja ya hasi. Kila nguzo imevishwa kibanio cha chuma, na kwenye kibanio ndipo unaanzia waya mnene unaokwenda kwenye gari. Akagusa nguzo zenyewe, nyekundu huku, nyeusi huku. Mita ikaandika volti kumi na mbili na ushee.

"Imekesha harusini kweli, imechoka kidogo. Ila haijafa. Betri ya hivi inawasha gari."

"Sasa mbona haiwashi?"

"Ndo tulitafute. Mtu azungushe ufunguo, mimi nishike hapa, wewe uangalie namba."

Tukaangaliana, halafu wote wawili tukamwangalia Bibi.

"Msiniangalie hivyo," Bibi akasema.

Niliweka gia huru, nikavuta breki ya mkono, nikatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikamsogeza Bibi akakaa nyuma ya usukani. Hajawahi kukaa pale maisha yake yote. Akaushika usukani kwa mikono miwili kama anamzuia ng'ombe kwa pembe.

"Nikizungusha inaondoka?"

"Haiondoki, Bibi."

"Basi nazungusha kwa faida ya nani?"

"Yangu mimi mumeo! Zungusha!"

Tk. Mita ilikuwa kwenye nguzo za risasi. Namba ikatikisika kidogo tu, ikabaki palepale karibu na kumi na mbili. Yaani stata, ile mota ya kuwashia injini, inaomba umeme, na betri haijasikia hata kama imeombwa.

Mama wa sola akahamisha ncha nyekundu. Hakuipeleka mbali, aliitoa kwenye nguzo akaigusisha kwenye kibanio kilichovaa nguzo hiyohiyo. Umbali wa ukucha.

"Tena, mama!"

"Nazungushaaa!" Bibi akapiga kelele, sasa ameanza kuipenda kazi.

Tk. Na namba ikaporomoka. Kumi na mbili ikawa mbili, ikawa moja na kitu. Nilipiga yowe mpaka kuku wakakimbia. Sijui kama nitaweza kuwaeleza raha ile. Vitu viwili vimekumbatiana, kwa macho ni kitu kimoja, lakini huku umeme upo na huku haupo! Tulikuwa tunailaumu betri bure, na muziki bure, na bwana harusi wa watu bure. Betri ilikuwa nzima, njia ya kutokea ndo imeziba.

"Na ndo maana taa yako nyekundu haikuwaka," mama akasema. "Altaneta inaleta umeme mpaka kwenye kibanio, inaona imefikisha. Betri iko ndani imefungiwa mlango, haipati kitu."

"Nishuke?" Bibi akauliza.

"Kaa hapohapo, dereva!"

Nikatoa spana chini ya kiti. Mama akasema nianze kufungua wa hasi, nikaanza na wa hasi. Nilipofika kwa chanya hata spana sikuhitaji, kibanio kilitoka kwa vidole. Kilikuwa kimepanuka. Mnajua tena, kufunguliwa kila harusi, kila msiba, kila mpira, kufungwa gizani na mtu mwenye haraka, chuma kinachoka. Na ili kikae, mtu alikuwa amekata kipande cha bati, akakizungusha kwenye nguzo kama soksi, halafu ndo kibanio kikavikwa juu yake. Nikalitoa bati. Upande mmoja lilikuwa bado na picha ya nyanya nyekundu inayong'aa. Lilikuwa kopo la nyanya za kupikia.

Upande wa pili lilikuwa la rangi ya dhahabu, zuri kabisa. Mama akalikwaruza kwa kucha, dhahabu ikabanduka, chini yake likatokea bati jeupe.

"Unaona? Hii ni rangi. Wanaipaka ndani ya kopo ili nyanya zisile bati. Huku rangi, huku picha. Umeme utapitia wapi? Umevisha betri koti la mvua."

Ukichanganya na grisi, na ule unga mweupe uliojaa pembeni, nilishangaa pikapu iliwezaje kuwaka hata siku moja. Labda ilikuwa inategemea matuta, likitikiswa linagusa mahali, umeme unachungulia. Nikampigia mjomba tena.

"Mjomba, tumekuta bati la kopo la nyanya kwenye kichwa cha betri."

"Eeh, hilo nimelikata mwenyewe kwa mkasi wa shangazi yako! Bado limekaza?"

"Limekaza vizuri sana, mjomba. Ndo tatizo."

Halafu nikamsikia shangazi kwa nyuma anauliza mkasi gani, na simu ikakatika.

Mama wa sola alikuwa na birika jikoni. Tukamwagia maji ya moto kwenye nguzo na vibanio, ule unga ukachemka povu, ukaondoka, tukafuta na kitambaa pakakauka. Akanipa kipande cha msasa, nikasugua nguzo mpaka risasi ikang'aa, nikasugua kibanio kwa ndani, nikakwaruza na upande wa hasi hata kama haukuwa na kosa. Badala ya bati akakata waya wa sola, akauvua ngozi, akatoa nyuzi za shaba. Tukazizungusha kwenye nguzo zikalala vizuri, kibanio juu yake, nikakaza mpaka kikagoma kuzunguka. Chanya kwanza, hasi mwisho.

"Dereva!" mama akaita.

"Nipo!"

"Washa gari!"

Bibi akazungusha, na pikapu ikawaka! Haikukohoa, haikufikiria, iliwaka kama ya dukani. Bibi akapiga kigelegele kirefu mpaka pumzi ikamwishia, akaachia ufunguo, akauliza kwa hofu, "Nimeiharibu?" Mama akagusisha mita kwenye nguzo za risasi, pale palipokuwa na njaa asubuhi yote. Kumi na nne. Nikawasha taa za mbele, ikashuka nukta kidogo, ikasimama. Nikambeba Bibi juu juu kutoka kwenye usukani, naye ananipiga mgongoni anasema nimshushe, watu wataniona.

Wakati nafunga boneti nikamsikia Bibi anamuuliza yule mama, sauti ya chini, "Wewe umeshamwona twiga?"

"Nilimwona siku tunahamia huku. Niko juu ya lori na watoto, na kuku, na vitanda. Nilikuwa nalia, mama, sikutaka kuja. Nikageuka, huyo hapo kando ya barabara, ananiangalia anatafuna. Sijui kwa nini, nikanyamaza."

Bibi akamgeukia kabisa. Halafu akafungua kikapu chake akamwekea viazi kwenye upande wa khanga, vingi, karibu vyote.

"Kula. Viko vitamu. Hivi ng'ombe wenu hawakuvifikia."

Mama yule akacheka mpaka akaegemea gari.

Mikumi tulifika jua limepanda. Malori yamepanga foleni kando, watu wanauza mahindi ya kuchoma, na mimi nilikuwa nawapungia mkono kama ninawajua wote. Tukakunja kushoto, tukaingia kwenye barabara inayopita hifadhini, nikapunguza mwendo kama vibao vinavyotaka. Nyani wakawa wa kwanza. Bibi aliwatambua kwa kelele zao, akageuza uso. Halafu kulia wakatokea swala, kundi zima, wamesimama kwenye nyasi wanang'aa.

"Bibi, swala wale!"

"Wapi?"

"Pale, kwenye nyasi. Wengi."

Akatoa kichwa dirishani. "Naona nyasi."

Punda milia wakapita, akaona vumbi. Nilicheka kumchangamsha, lakini moyoni kitu kilinishika. Sikuwa nimewaza hilo. Nilikuwa nimehangaika na gari, nikasahau kwamba huenda nimemleta mtu kuona kitu ambacho hawezi kukiona. Nikawa naendesha na kuomba. Twiga awe karibu. Twiga awe mkubwa. Yeye akawa anafuta macho kwa pembe ya khanga, anaangalia tena.

Kwenye lango la hifadhi pana mahali pa kuegesha, magari yanasimama watu wakanyooshe miguu. Nikaingia pale. Na ng'ambo ya uwanja, kwenye miti ya miiba, nikamwona. Peke yake, mrefu, anakula majani ya juu kabisa, hana habari na mtu.

"Bibi, yule pale. Huyo huyo."

Alishika dirisha kwa mikono miwili. Pikapu ya mjomba ikisimama inatetemeka kama sufuria lenye maharage, na kichwa cha Bibi kilikuwa kinatetemeka nayo.

"Zima hili gari. Linanitikisa macho."

Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo na haukutaka kuzunguka. Ile kumi na nne niliiona kwa macho yangu, niliiamini, lakini kuamini karibu na boneti na kuamini mbugani si sawa. Nikazima. Kukawa kimya kabisa, lori moja tu likiunguruma mbali.

"Wapi?"

"Mbele yako, kushoto kwa ule mti mrefu."

"Naona miti miwili."

"Mmoja si mti, Bibi."

"Upi?"

Na twiga, nadhani alitusikia, akatoa shingo yake kwenye matawi, akaishusha taratibu, akapiga hatua. Halafu nyingine.

Bibi akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Unatembea," akasema. "Mume wangu, mti unatembea!"

Akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, alicheka kama msichana aliyeambiwa siri, anajiziba mdomo kwa khanga, anafunua, anaangalia, anacheka tena. "Angalia anavyojiweka! Hana haraka! Angalia shingo ile, angalia, anaringa!" Mimi nikawa nalia na kucheka pamoja, na mlinzi aliyekuwa langoni akaja kuuliza kama tuko salama. Bibi akamwambia, "Huyu wenu ana adabu," na mlinzi akasema asante kama vile amemzaa yeye.

Tulikaa mpaka twiga akaanza kurudi ndani kwenye miti. Bibi alikuwa ametulia sasa.

"Ana madoa?" akauliza.

"Anayo, Bibi. Mwili mzima."

"Ya namna gani?"

"Ya kahawia. Kama ardhi ya kiangazi inavyopasuka, kila kipande na mpaka wake."

Akafumba jicho moja, akafumbua. Akafumba la pili.

"Mimi naona kapakwa tope." Akangoja. "Msogeze mbele kidogo."

"Siwezi, Bibi, si mbuzi."

Akamfuata kwa macho mpaka alipopotea, na mimi nikajua amepotea kwake mapema kuliko kwangu. Akajifunga khanga vizuri.

"Washa twende."

Nikazungusha. Ikawaka papo hapo, mguso mmoja, lakini Bibi hakuonekana hata kusikia. Alikuwa amegeuka kwangu.

"Hao wanaotoboa, Jumatatu wanaanza saa ngapi?"

"Asubuhi mapema, Bibi."

"Uje mapema zaidi. Na wakimaliza unirudishe hapa. Siwezi kufa nimeona twiga wa tope."

Nikataka kujibu, lakini machozi yalikuwa yamejaa, hata gia nikawa naitafuta kwa kupapasa, naingiza isiyo yenyewe, gari linalalamika. Bibi akaninyooshea uso, akaniangalia kwa karibu sana.

"Kumbe na wewe huoni?" akasema. "Basi tukaandikishwe wote."